Althéa Laurin na dhahabu ambayo Wafaransa waliihangaikia miaka 24 (uzi wa taekwondo, mrefu)

TekeLaTanga:

Wakuu habari za jioni. Hii kitu nimekaa nayo moyoni tangu Jumamosi nikasema leo naiandika yote, ni ndefu kwa hiyo mwenye haraka apite atarudi akitulia.

Mimi nafundisha watoto taekwondo hapa Tanga, si kazi inayoniweka mjini, ni jioni tatu kwa wiki tu kwenye ukumbi wa shule. Nina binti mmoja kwenye kundi langu, ana miaka 13, ana umbo kubwa, kawapita urefu wavulana wote wa rika lake na mzani unamsoma kilo 70 na kidogo. Jumamosi tulikuwa tunapanga majina ya mashindano na kama kawaida uzito wake hapakuwa na mtu. Mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo, alikaa kutwa nzima na dobok yake mwilini, yale mavazi ya taekwondo, imepigwa pasi imenyooka, wenzake wanaitwa mmoja mmoja wanapigana, jioni akarudi nyumbani hajarusha hata teke moja. Safari hii akanifuata pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini (wananiita Sabum, yaani mwalimu), "Sabum, kwani huu mchezo si wa watu wembamba?"

Aisee nilikosa cha kumjibu. Nikatoa simu, nikamwekea video ya Althéa Laurin.

Kwa wasiomjua, Althéa Laurin ni Mfaransa, kazaliwa tarehe 1 Septemba 2001 Épinay-sur-Seine, nje kidogo ya Paris. Anapigana uzito wa juu kabisa wa wanawake kwenye Olimpiki, kilo 67 kwenda juu. Tarehe 10 Agosti 2024 ndani ya Grand Palais pale Paris alimpiga Svetlana Osipova wa Uzbekistan kwenye fainali akachukua dhahabu, na ile ndo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Ufaransa kwenye taekwondo tangu mchezo huu uanze kutoa medali rasmi Sydney 2000. Siku ile alikuwa na miaka 22, hajafikisha 23.

Watu wengi waliona ile siku moja wakasema kaibuka binti. Mimi nimefuatilia taekwondo ya Wafaransa miaka mingi na nasema hakuibuka, ile dhahabu walikuwa wameshaisogelea wanawake wengine kabla yake, mmoja mmoja, wengine wakaikosa kwa pointi moja. Nataka niwaeleze hao pia maana ukimsimulia Althéa peke yake umesimulia nusu.

Naendelea chini.

Mwana_Iringa:

Mkuu tiririka tupo. Ila kabla hujafika mbali tusaidie sisi wa nje ya mchezo, mi nikiangalia naona watu wanarusha miguu tu halafu namba zinapanda, mara mtu hajaguswa namba imepanda, mara kapigwa kweli kweli namba imegoma. Pointi zinahesabiwaje?

TekeLaTanga:

Swali zuri sana na wala usione aibu, hata wazazi wanaoleta watoto ukumbini hawajui.

Ile kinga ya kifuani inaitwa hogu. Kwenye mashindano makubwa hogu ni ya umeme na soksi wanazovaa miguuni nazo ni za umeme, kwa hiyo teke likitua mahali pake na nguvu ikatosha mashine inaandika pointi yenyewe. Ngumi ya kifuani pointi 1, teke la kifuani 2, teke la kichwani 3. Ukizungusha mwili kwanza halafu ndo ukapiga, kifuani unapata 4 na kichwani 5. Kosa linaitwa gam-jeom, ukitoka nje ya mstari, ukianguka, ukimshika mwenzio, mpinzani anapewa 1. Ndo maana unaona namba imepanda na mtu hajaguswa.

Na ile ya kupigwa kweli halafu namba igome, sikiliza hapa maana ndo inamhusu Althéa. Hogu inapangiwa kiwango cha nguvu kulingana na uzito. Teke linaloandika pointi mbili kwa binti wa kilo 49 halitaandika chochote kwa hawa wa juu, lazima uweke mwili mzima ndani ya teke. Sasa piga hesabu, unatakiwa upige kwa nguvu kubwa, kwa kasi, mara nyingi, mpaka raundi tatu za dakika mbili mbili, na mwili wa kilo 70 na zaidi ambao kuunyanyua kwa mguu mmoja tu ni kazi. Watu wanaodhani uzito wa juu ni wa wavivu waje wavae hogu dakika mbili.

Kitu kingine, mashindano ya dunia wanawake wana uzito wa aina nane ila Olimpiki wanabanwa kuwa minne tu: chini ya 49, chini ya 57, chini ya 67, na 67 kwenda juu. Hiyo ya mwisho haina dari. Mashindano ya dunia Althéa anapigana chini ya kilo 73, akija Olimpiki anakuta wamemchanganya na wale wa 73 kwenda juu. Yaani anapigana na watu ambao kwenye mashindano mengine wala asingekutana nao.

Bukavu93:

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Bukavu ila niko huku Saint-Denis miaka 11 sasa, hiyo 93 kwenye jina langu ndiyo namba ya jimbo letu, Seine-Saint-Denis. Épinay ni hapa hapa kwetu, unapanda tramu T8 Saint-Denis inakupeleka mpaka Épinay.

Nataka muelewe maana ya kuzaliwa hapa. Mtu wa Paris akitamka 93 mara nyingi ametaja vurugu, maghorofa yaliyochoka, wageni wengi. Ukiandika anwani ya 93 kwenye barua ya kuomba kazi unajua kabisa kuna mtu ataisoma kwa jicho lingine. Ila ni hapa ndipo walijenga kijiji cha wanamichezo cha ile Olimpiki, Saint-Denis, Saint-Ouen na L'Île-Saint-Denis, na Stade de France iko hapa pia. Miaka yote ile tulikuwa tunakula vumbi la ujenzi, tunaambiwa michezo inakuja kwenu, na sisi tunajiuliza kwetu wapi wakati tiketi zenyewe hatuwezi kununua.

Ile usiku ya tarehe 10 nilikuwa kazini, naosha vyombo kwenye mgahawa. Mpishi alikuwa ameegemeza simu yake kwenye debe la mafuta. Msichana wa Épinay aliposhinda sisi wa jikoni tulipiga kelele mpaka bosi akaja kuuliza kitu gani kimeungua. Nikamwambia hakuna kilichoungua bosi, ni mtoto wa kwetu ameshinda. Yule anayenisaidia kuosha anatoka Mali, mimi Mkongo, mpishi ni wa Sri Lanka, na wote watatu tulisema "wa kwetu". Sijui kama nimeeleza vizuri lakini siku ile nilirudi nyumbani kifua mbele.

TekeLaTanga:

Bukavu93 umeeleza vizuri kuliko mimi, Mungu akubariki.

Sasa turudi nyuma. Taekwondo ilionyeshwa tu kama mfano Seoul 1988 na Barcelona 1992, Sydney 2000 ndo medali zikaanza kuhesabiwa. Ufaransa siku hizo walikuwa na Pascal Gentil, jamaa mrefu sana wa uzito wa juu, akachukua shaba Sydney na shaba tena Athens 2004. Namheshimu sana Gentil ila uzi huu ni wa wanawake kwa hiyo nampita hapo.

Athens 2004 uzito huu huu wa 67 kwenda juu, Myriam Baverel akafika fainali. Akamkuta Chen Zhong wa China ambaye tayari alikuwa bingwa wa Sydney. Akapigwa, akabaki na fedha. Baadaye Baverel akarudi kwenye timu ya taifa kama kocha, akawa upande wa pili wa uwanja anawaangalia wadogo zake wanapita njia ile ile. Kila nikimuwaza namuona yeye ndo uzi unaoshona hadithi nzima.

Beijing 2008 ikaja zamu ya Gwladys Épangue, shaba, chini ya 67. Huyu Épangue wakuu alikuwa mtu hatari. Bingwa wa dunia Copenhagen 2009, bingwa wa dunia tena Gyeongju kule Korea Kusini 2011, zote chini ya 73. Na hapo Gyeongju Mfaransa mwenzake Anne-Caroline Graffe, binti mzaliwa wa Papeete, Tahiti, akachukua dhahabu ya 73 kwenda juu. Sasa nataka muone ugumu wake: mashindano yale yale, mwaka ule ule, Ufaransa wana mabingwa wawili wa dunia kwenye uzito mbili za juu kabisa, na Olimpiki ya London mwaka unaofuata ina nafasi moja tu kwa wote wawili kwa sababu kila nchi inapeleka mtu mmoja kwa kila uzito. Wawili wanafanya mazoezi pamoja kila siku na kila mmoja anajua akienda huyu, mimi nabaki.

Mwili ndo ukaamua. Épangue akaumia, akajitoa, akaenda Graffe. Tarehe 11 Agosti 2012, fainali, Graffe na binti wa Serbia anaitwa Milica Mandić. Ikaisha 9 kwa 7. Pointi mbili tu wakuu! Hilo jina Mandić liwekeni akilini maana litarudi. London ile ile Marlène Harnois akaongeza shaba chini ya 57.

Halafu Rio 2016. Hapa mniruhusu nikae kidogo maana hii pambano ndo iliyoniuma kuliko zote. Haby Niaré, mzaliwa wa Mantes-la-Jolie, familia yake asili Mali, bingwa wa dunia wa Puebla, Mexico 2013, uzito chini ya 67, miaka 23. Fainali na Oh Hye-ri wa Korea Kusini. 13 kwa 12. Pointi moja. Niliangalia usiku ule nyumbani na marehemu kaka yangu, yeye ndo alinipeleka ukumbini mara ya kwanza nikiwa darasa la nne, na ilipoisha hakuna aliyesema neno, kaka akanyanyuka akaenda kunawa uso. Ngumi moja tu ya kifuani ingewapeleka sare. Gam-jeom moja tu ya mpinzani. Ukishapigana huu mchezo unajua ile pointi moja unavyoitafuta usiku kitandani, unasema ningeshusha mguu mapema, ningesogea nusu hatua.

Épangue mwenyewe alipona akarudi akapigana hiyo Rio pia, 67 kwenda juu. Hakupata medali.

Kwa hiyo hesabu mpaka hapo: 2004 fedha, 2012 fedha, 2016 fedha. Fedha zote tatu ni za wanawake. Sasa mtu aniambie dhahabu ya 2024 ilianzia 2024.

BintiNyali:

Sabum shukrani, nimesoma kwa utulivu kabisa nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni hata sikuhisi jua.

Nyinyi mwamkumbuka Faith Ogallo wetu? Tokyo ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye taekwondo, alifuzu kule Rabat mwanzo wa 2020 kabla korona haijafunga kila kitu, na alikuwa uzito huu huu wa 67 kwenda juu. Hakufika mbali lakini mimi nilijivuna kumuona pale. Nami nataka kujua, siku ile ya Tokyo huyo Laurin alikuwa vipi? Maana mimi macho yangu yote yalikuwa kwa Faith.

TekeLaTanga:

BintiNyali asante kwa kumtaja Ogallo, kufika pale tu kutoka huku kwetu ni safari ndefu, wanaojua mazingira ya mazoezi yetu wanaelewa.

Tokyo ilikuwa 2021 kwa sababu ya korona, uzito wa juu walipigana tarehe 27 Julai, ukumbi wa Makuhari Messe kule Chiba. Hakukuwa na watazamaji. Mkiangalia video zake mtasikia vitu ambavyo kawaida huvisikii, soksi zinavyoburuta kwenye mati, makocha wanavyofoka, pumzi za wapiganaji wenyewe. Na ndani ya ukimya ule akaingia huyu binti wa miaka 19.

Angalia alipanda jukwaa na nani. Dhahabu Milica Mandić, yule yule aliyempiga Graffe London, miaka tisa baadaye bado yupo. Wakati Mandić anachukua dhahabu ya London Althéa alikuwa mtoto wa miaka 10! Fedha Lee Da-bin wa Korea Kusini, bingwa wa dunia 2019. Shaba moja Bianca Walkden wa Uingereza, bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, na nusu fainali yake na Lee iliisha 25 kwa 24 kwa teke la kichwani sekunde za mwisho kabisa, wapenzi wa huu mchezo mpaka leo tunaisimulia. Shaba nyingine ndo ya Althéa Laurin, aliipata kwa kumpiga Aminata Traoré wa Ivory Coast.

Yaani wale watatu wote walishakuwa mabingwa wa dunia. Yeye alikuwa bado hana taji la dunia la wakubwa. Mi siku ile niliandika kwenye daftari langu la mazoezi "huyu Mfaransa, mfuatilie".

Miaka miwili baadaye, Baku 2023, akawa bingwa wa dunia chini ya 73.

Kipanga_mweusi:

Nakubali ni mzuri ila tuseme ukweli wakuu, nyumbani ni nyumbani. Wenyeji wanapewa nafasi za bure, uwanja umejaa watu wako, refa naye ni binadamu anasikia kelele. Halafu Ufaransa wana pesa, wana vituo. Mtu wa huku kwetu angepewa hayo yote asingeshinda?

TekeLaTanga:

Kipanga hoja yako ina uzito, nakujibu kwa heshima.

Nafasi kweli, mwenyeji anapata nne. Vituo kweli pia, wana kituo cha taifa cha michezo kinaitwa INSEP kule kwenye msitu wa Vincennes pale Paris, mwanamichezo analala hapo, anasoma hapo, daktari yupo, chakula kimepimwa, na wa kushindana naye mazoezini ni bingwa mwenzake. Nikisema sioni wivu nitakuwa nakudanganya. Mimi ukumbi wangu nina hogu sita, mbili zimeshonwa kwa uzi wa viatu, na za umeme nimeshika mara moja tu maishani.

Ila hilo la refa kusikia kelele nakukatalia kwa sehemu kubwa, nimeshaeleza mateke ya kifuani yanaandikwa na mashine, na ya kichwani pia, na kocha akiona kaonewa ana kadi ya kuomba video irudiwe. Na taji la dunia la Baku hakulipata nyumbani. Halafu angalia wenyeji wenyewe walivyofanya pale Paris. Cyrian Ravet akachukua shaba siku ya kwanza tarehe 7, uzito wa chini ya 58. Tarehe 9 wakaingia Souleyman Alaphilippe na Magda Wiet-Hénin, ukumbi ule ule, kelele zile zile, wakatoka bila medali. Ingekuwa kelele zinatosha wangeshinda wote.

Kwa hiyo tarehe 10, siku ya mwisho, kabaki mtu mmoja. Mjitie kwenye viatu vyake. Mwaka mzima magazeti yanakuandika kuwa wewe ndo dhahabu ya nchi, wenzako wote wameshamaliza, na nyuma yako kuna fedha tatu ambazo kila mtu wa taekwondo wa Ufaransa anazijua kwa pointi zake, 9 kwa 7, 13 kwa 12. Halafu ukumbi wenyewe Grand Palais, jumba la maonyesho la mwaka 1900, paa lote kioo na chuma, watu wamejaa wamekuzunguka wanatingisha majukwaa kwa miguu. Kutoka ukimya wa Chiba mpaka pale. Wengine wangeyeyuka.

Jioni ile ile ukumbini alikuwepo Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast, yule wa teke la sekunde ya mwisho Rio lililoipa nchi yake dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, safari hii akachukua shaba ya 80 kwenda juu. Nasema hili kwa sababu umeuliza mtu wa kwetu angepewa hayo yote ingekuwaje. Cissé ni Mwafrika. Jibu lipo, tena limeshatolewa zaidi ya mara moja.

Na Althéa akampiga Osipova, na wimbo wa Ufaransa ukapigwa kwa ajili ya taekwondo kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza. Mi machozi yalinitoka na mimi si Mfaransa, nilimuwaza Niaré, nilimuwaza Graffe, nikajiuliza wako wapi saa hii na wanaangalia na nani. Tangu Sydney mpaka Paris Ufaransa hawajawahi kurudi nyumbani mikono mitupu kwenye taekwondo, medali kumi jumla, saba za wanawake. Kumi, na tisa za mwanzo hazikuwa na hata dhahabu moja.

Bukavu93:

Kipanga swali lako halali, na huku watu waliuliza hivyo hivyo. Ila wiki ile nilipanda T8 jioni nikakuta wasichana wawili wadogo wamesimama katikati ya tramu, mmoja amenyanyua goti juu anajaribu kusimama mguu mmoja tramu ikiwa inatembea, mwenzake anamhesabia. Mama yao anawakemea wakae chini. Alifika kumi na nne kabla hajaanguka. Sikusema kitu nilibaki nawaangalia tu.

TekeLaTanga:

Kumi na nne kwenye tramu inayotembea ni nyingi mkuu, huyo apelekwe ukumbini.

Sasa nimalizie la binti yangu wa Jumamosi. Tulikaa kwenye ngazi za ukumbi mimi na yeye tukaangalia video ya Grand Palais mpaka bando langu likaisha. Hakuuliza kuhusu medali wala Paris. Alichouliza ni mguu. Aliona mguu wa mbele wa Althéa unavyoning'inia juu, haushuki chini, unamzuia mwenzake asisogee, akaniambia "Sabum, hauchoki?" Nikamwambia unachoka sana, ndo kazi yenyewe hiyo. Akavua viatu, akashika ukuta kwa vidole viwili, akanyanyua wa kwake. Ulitetemeka vibaya mno. Akashusha, akapumua, akanyanyua tena. Nilimuacha pale nikaenda kufunga madirisha, nimerudi bado yupo ukutani.

Nimeshampigia kocha mwenzangu wa Moshi, ana binti wa kilo 68 ambaye naye hapati mpinzani kwao. Tumekubaliana tutawakutanisha, hata kama ni pambano la mazoezi tu bila medali, nauli tutachanga wazazi na sisi makocha. Safari hii hatakaa na dobok iliyonyooka kutwa nzima.

Mama Shamsa:

Mwalimu samahani nimechelewa kuusoma uzi. Mimi niko hapa hapa Tanga, nina binti wa miaka 11, ni mnene na shuleni wanamtania mpaka hataki tena kwenda kwenye michezo. Je unapokea wa umri huo? Na aje na nini, maana hiyo dobok sina uwezo nayo kwa sasa.

TekeLaTanga:

Mama Shamsa karibu sana, napokea kuanzia miaka 7. Dobok asubiri, aje na suruali ya michezo yoyote isiyobana na fulana, tunafanya pekupeku. Nimekutumia ujumbe pembeni wa ukumbi ulipo. Jumatatu saa kumi na moja jioni, aje na chupa ya maji, kucha za miguu zikatwe, na hereni zibaki nyumbani. Nitampanga na huyu mkubwa wa kilo 70, yeye mwenyewe ndo kaniomba apewe mtu wa kumfundisha.